Hodi ya Tumbaku

Shangazi Eduviges alirudi kutoka shambani Chicoana
jua halijapanda, mikono imelowa hadi viwikoni.
Akashika nguzo ya banda, akatapika maji ya kijani,
akasema dunia inamzunguka kama pia.

Hajavuta sigara maishani mwake.
Ni umande tu, umande wa Januari
unaolala juu ya majani, ukaamka na nikotini
na kuipaka mikononi mwa mchumaji.
Ngozi ni mkarimu mjinga: inaipitisha.
Damu inaibeba. Ubongo unaitikia, karibu.

Katika mkunjo wa aproni yake nikamkuta kiwavi,
mnene kama kidole gumba, pembe nyekundu mkiani.
Marandová, ndivyo tunavyomwita, na kumlaani.
Alikuwa amekula jani lilelile tangu usiku.
Hatetemeki. Anapapasa kitambaa,
anatafuta jani jingine.

Nikamtia katika chupa ya jamu ya pichi
nikaenda naye Tucumán, maabara ya ghorofa ya pili,
kwa Dakta Ibarguren, ambaye huongea kama anayelipia maneno.
Akanipa mkasi mwembamba kama ukope. Akasema: Tazama.

Nikatazama.
Damu ya mdudu haina njia nyingi za kufuata.
Imejaa mwilini kama supu katika sufuria
na ubongo umo humo humo,
umelowekwa kama dengu.
Nayo ni supu ya mla majani: potasiamu tele,
ya kunyamazisha kila neva ambayo ingeigusa,
na juu yake sumu ya chakula cha leo.

Kwa hiyo ubongo umejivika nguo mbili.
Ya nje ni seli nyembamba, wapokezi wa sukari.
Ya ndani ni seli chache, pana kama mashuka,
zimeshonwa pindo kwa pindo,
mshono wenye vipago kama vya ngazi,
umekunjwa, ukakunjwa tena,
hata kinachotaka kupenya kichoke njiani.

Lakini nikotini haihangaiki na pindo.
Inayeyuka katika mafuta ya seli, inapita katikati ya shuka
kama mgeni asiyejua mlango ni wa nini.
Hodi, inasema, tayari ikiwa ndani.
Hapo ndipo pampu inapoikamata shingo:
nje.
Inarudi. Nje.
Inarudi.
Usiku na mchana, na kila kuitupa kunalipiwa,
sukari kwa sukari, kutoka katika jani lilelile lenye sumu.

Nilikuwa nimedhani ukuta ni kitu kinachosimama.

Siku ya tatu tulizifunga pampu kwa dawa.
Ukuta haukuguswa, mshono mzima, vipago vyote mahali pake.
Nikampa jani.
Akauma mara mbili, akakunjika,
akatema kijani juu ya kioo,
akatetemeka kuanzia pembe hadi taya
na mimi niliyepaswa kuandika dakika
nikajikuta natafuta nguzo ya kumshikisha.

Jioni nikampigia shangazi.
Nikamweleza mashuka, ngazi, supu.
Alinyamaza; nilisikia maji ya mate yakichemka upande wake.
Kisha: "Ana nini huyo ambacho mimi sina?"
Bawabu, nikasema. Ana bawabu asiyelala.
"Mimi nahitaji glavu," akasema.
Zipo, nikamwambia. Ghalani kwa msimamizi, nimeziona.
"Zipo," akasema shangazi.
"Jozi moja, wanakata siku mbili za mshahara.
Na zikitoboka, wanakata tena."

Kesho yake alfajiri umande ulikuwa mzito.
Alikwenda.